Feleji Huja Ikiwa Tayari: Hotuba kwa Wakereza Mbao Kuhusu Kujitengenezea Patasi za HSS

Ndugu Mwenyekiti, mafundi wenzangu wa kukereza mbao, na ninyi mlioanza kazi hii hivi karibuni,

Nimeombwa nizungumzie namna mkereza anavyoweza kujitengenezea patasi zake mwenyewe kwa feleji ya kasi, ile tunayoijua sote kwa herufi tatu zinazochapwa kwenye shina la biti ya drili, HSS, kifupi cha Kiingereza cha "high-speed steel". Nitalisema mapema jambo ninalolishikilia, ili kila nitakaloeleza baadaye lipimwe kwa hilo. Anayetengeneza patasi kwa HSS hahitaji kuwa mhunzi. Kazi ya moto ilikwisha kufanyika kiwandani kabla kipande hakijamfikia, tena kwa kiwango ambacho tanuru dogo la karakana haliwezi kukifikia, na kilichobaki mikononi mwake ni kuondoa chuma kisichohitajika. Akilielewa hilo, atafanikiwa kwa vifaa vichache. Asipolielewa, atataka kukifua, kukipinda, kukichomelea na kukitoboa kitu ambacho hakikubali hata moja kati ya hayo.

Ili tuelewe kwa nini hakikubali, inafaa turudi nyuma kidogo. Kwa karne nyingi patasi za kukerezea zilitengenezwa kwa chuma cha kaboni, yaani chuma chenye kaboni karibu asilimia moja, kinachopashwa moto hadi wekundu, kikazamishwa majini au katika mafuta, kisha kikarudishwa motoni kwa joto la chini ili kisiwe chepesi kuvunjika. Sitaki mtu yeyote aondoke hapa akidhani kwamba nakidharau chuma hicho, kwa sababu kinanoleka upesi na hutoa makali membamba sana. Udhaifu wake ni joto. Ugumu wake huanza kupungua joto linapopita nyuzi 200 za Selsiasi hivi. Kwenye jiwe la kunolea tunaiona ncha ikigeuka rangi ya majani makavu, kisha zambarau, na ikifika buluu, karibu nyuzi 300, makali yale hayana thamani tena mpaka sehemu yote iliyobadilika rangi isagwe iondoke.

Mwaka 1868 Robert Mushet, nchini Uingereza, alitoa chuma chenye tungsteni ambacho kiligumu chenyewe kikipoa hewani bila kuzamishwa majini. Kisha, kati ya mwaka 1898 na 1900, Frederick Winslow Taylor na Maunsel White, wakifanya majaribio katika kiwanda cha Bethlehem Steel nchini Marekani, walivipasha vyuma vya jinsi hiyo moto mkali uliokaribia kuviyeyusha, moto ambao kila fundi wa wakati ule aliamini kuwa unaharibu chuma. Walichokipata kiliendelea kukata hata ncha yake ilipokuwa nyekundu kwa joto, na kilipoonyeshwa kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 wenye viwanda walishuhudia jambo hilo kwa macho yao. Huo ndio mwanzo wa feleji ya kasi. Ilibuniwa kwa ajili ya kukata chuma. Sisi wa mbao tulikuja kuirithi baadaye sana, na patasi za kukerezea za HSS zilienea karakanani katika miongo ya mwisho ya karne ya 20.

Aina ya zamani iliyopata umaarufu, iitwayo T1, ina tungsteni asilimia 18, kromi 4 na vanadi 1. Inayopatikana kwa wingi leo ni M2, yenye tungsteni asilimia 6 hivi, molibdeni 5, kromi 4 na vanadi 2, na kaboni isiyofika asilimia moja. Ipo pia M42, ambayo ina molibdeni asilimia 9 na nusu na kobalti 8. M2 hugumishwa kwa kupashwa hadi karibu nyuzi 1200, kisha hurudishwa kwenye nyuzi 550 hivi mara mbili au tatu. Hapo ndipo tofauti yake kubwa ilipo: katika joto hilo la pili, ambalo lingekiua kabisa chuma cha kaboni, chembe ndogo mno za kabidi, yaani kaboni iliyoungana na metali, hujitokeza ndani ya feleji na kuiongezea ugumu badala ya kuupunguza. Chombo kilichopata ugumu wake wa mwisho kwenye nyuzi 550 hakiwezi kuupoteza kwenye nyuzi 300. Ndiyo maana rangi ya buluu kwenye ncha ya HSS si msiba, na ndiyo maana pia hakuna sababu ya mkereza kujaribu kuilainisha nyumbani ili aifanyie kazi kisha aigumishe upya, kwa maana nyuzi 1200 zinazodhibitiwa kwa usahihi, bila hewa kuila kaboni iliyo usoni, si kazi ya makaa wala ya gesi ya kawaida.

Mtu anaweza kuuliza kama mbao, iliyo laini kuliko chuma, inahitaji kweli chombo cha namna hiyo. Tufanye hesabu. Bakuli lenye kipenyo cha milimita 300, likizunguka mara 1,000 kwa dakika, huupitisha ukingo wake mbele ya makali kwa kasi ya mita 940 hivi kwa dakika, na hiyo ni karibu kilomita nzima ya mbao katika dakika moja. Mbao haipitishi joto vizuri, kwa hiyo sehemu kubwa ya joto la msuguano hukimbilia kwenye ncha ya patasi, ambayo ni nyembamba na haina mahali pa kulipeleka. Kuna miti yenye chembe za silika ndani yake, na miti hiyo hula makali kwa kuyasugua. Ugumu unaostahimili joto na msuguano ndio hasa tunaouhitaji.

Sasa niseme feleji hiyo inatoka wapi. Chanzo ninachokipendekeza kuliko vyote ni vipande vilivyotengenezwa kwa ajili ya mashine za kukereza chuma: vipande vya pembe nne au vya mviringo, vilivyogumishwa na kusagwa pande zote, vyenye unene wa milimita 5, 6, 8, 10 au 12. Vimeandikwa aina yake, ugumu wake unajulikana, na kwa M2 ugumu huo huwa kati ya 63 na 65 kwenye kipimo cha Rockwell C, wakati M42 hufika 67 na zaidi. Chanzo cha pili ni bapa nene za misumeno ya mashine ya kukatia chuma, ambazo zikichakaa meno hutupwa ingawa mwili wake bado ni mzima. Hapa pana tahadhari. Misumeno mingi ya sasa ina HSS kwenye ukanda wa meno tu, na mwili wote uliosalia ni chuma cha kunepa kisichoweza kushika makali. Cha tatu ni visu vya mashine ya randa, ambavyo vingine ni HSS nzima na vingine vimebandikwa ukanda wa feleji kwenye chuma laini. Cha nne ni biti kubwa za drili, na kuhusu hizo inafaa kujua kwamba shina la biti nene mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichounganishwa na sehemu ya kukatia, na hata pale ambapo biti ni ya feleji moja, shina huachwa laini zaidi.

Kuna chanzo kimoja ninachokikataa waziwazi, nacho ni tupa kuukuu. Najua kwamba watu wengi hutengeneza vikwangulio, yaani patasi za kukwangua uso wa mbao, kwa tupa, na najua kwamba makali yake ni mazuri. Hata hivyo tupa ni chuma cha kaboni kilichoachwa kigumu kupita kiasi, hakina ustahimilivu wa kupinda, na msuka wake, yaani mkia unaoingia ndani ya mpini, ni mwembamba mno kwa nguvu za mashine inayozunguka. Ikinaswa na mbao inaweza kukatika ghafla, na vipande vyake hurukia upande wa uso. Haifai kubeba hatari hiyo wakati chuma kilicho salama zaidi kinapatikana.

Chuma kisichoandikwa hutambuliwa kwa cheche. Ukigusisha chuma cha kaboni kwenye jiwe, hutoa cheche nyingi, nyeupe au njano, ndefu, zinazopasuka mwishoni kwa matawi mengi. HSS hutoa cheche chache, za rangi ya chungwa iliyoiva au nyekundu, ambazo hazipasuki sana. Ni vyema kuweka karibu biti ndogo ya drili iliyoandikwa HSS na kulinganisha cheche za vyuma viwili papo hapo, kwa maana macho hayakumbuki rangi vizuri. Jaribio la pili huthibitisha la kwanza: pasha kona moja ya kipande hadi wekundu hafifu unaoonekana kivulini tu, kiache kipoe chenyewe hewani, kisha kipitishie tupa. Kama ni chuma cha kaboni, tupa itauma bila shida. Kama ni HSS, tupa itateleza juu yake.

Kipande kikishapatikana, hukatwa kwa grainda ya mkono yenye kisahani chembamba cha milimita 1. Haina haja ya kukikata chote. Unakitia mkato pande zote kwa kina cha kutosha, unakibana kwenye jiriwa, unakifunika kwa kitambaa kizito, kisha unakivunja hapo kwa kukisukuma kwa bomba au kipande kirefu cha chuma. Usikipige kwa nyundo. Feleji iliyogumishwa ikipigwa nyundo hutoa vibanzi vyenye kasi ya kutoboa jicho, na miwani ya kinga inapaswa kuwa usoni tangu mwanzo wa kazi hii hadi mwisho wake.

Umbo lenyewe hutolewa kwenye grainda ya mezani. Jiwe linalofaa ni la oksidi ya alumini, lile jeupe au la waridi linalomeguka kwa urahisi kiasi, kwa sababu chembe zilizochoka hudondoka na kuziachia nafasi zilizo kali. Jiwe la kijani la kabidi ya silikoni ni la ncha za kabidi. Gurudumu la almasi halifai kwa feleji kwa kasi ya grainda, kwa kuwa almasi ni kaboni, na kaboni ikipata joto mbele ya chuma humezwa na chuma hicho. Lililo bora kuliko yote kwa kunoa ni gurudumu la CBN, la nitridi ya boroni, ambalo halipungui kipenyo na hukata HSS bila kuipasha joto sana. Ila hilo nalitunza kwa kunoa peke yake, na kazi nzito ya kuondoa chuma kingi naiachia jiwe la kawaida lenye chembe za namba 46 au 60. Kabla ya kufunga jiwe jipya, lining'inize na uligonge taratibu kwa mpini wa mbao. Jiwe zima hutoa mlio safi, na lenye ufa hutoa mlio uliokufa na lisifungwe kamwe. Kiegemeo, yaani sehemu ya kuegemezea chuma unachokisaga, kikae umbali usiozidi milimita 3 kutoka kwenye jiwe, na mashine inapowashwa usimame pembeni, nje ya mstari wa mzunguko wake, mpaka ifike kasi yake kamili.

Sehemu hii ya joto inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu ndipo tabia tulizozipata kwenye chuma cha kaboni hutupotosha. Fundi aliyezoea chuma cha kaboni huichovya patasi majini kila baada ya sekunde chache, na kwa chuma hicho yuko sahihi. Akiifanyia hivyo HSS iliyopata moto mkali, uso wa feleji hujikunyata ghafla huku ndani kukiwa bado kumetanuka, na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho hujitokeza karibu na makali. Wiki moja baadaye ncha inameguka, na mwenye patasi analaumu chuma. Iache ipoe hewani, au iweke juu ya kipande kizito cha chuma baridi kinachonyonya joto. Bonyeza kidogo, sogeza muda wote, na jiwe likianza kung'aa na kuteleza lichongwe upya kwa kichongeo chake, kwa maana jiwe lililoziba hupasha zaidi ya linavyokata. Sisemi kwamba HSS haina kikomo. Ukiisaga mpaka ncha iwake nyekundu umepita kiwango ilichogumishiwa, na sehemu hiyo lazima iondolewe. Baina ya buluu na nyekundu kuna nafasi pana ya kufanyia kazi, na nafasi hiyo ndiyo iliyomwezesha mkereza wa kawaida kuwa mtengenezaji wa vyombo vyake.

Vumbi la kusaga nalo lisichukuliwe kwa wepesi. Barakoa yenye chujio la chembe ndogo ni lazima, na zaidi kwa M42, kwa kuwa vumbi la kobalti lina madhara kwa mapafu. Cheche zikikutana na vumbi la mbao lililorundikana zinaweza kuwasha moto unaofukuta bila kuonekana, kwa hiyo grainda ikae mbali na kifyonza vumbi cha mbao na mbali na rundo la maranda.

Patasi ya kwanza ambayo ningemshauri mtu aitengeneze ni ile ya ncha ya pande tatu. Chukua fimbo ya mviringo ya HSS yenye kipenyo cha milimita 10, isage bapa tatu zilizo sawa zikikutana katika ncha moja, kila bapa ikipishana na mwenzake kwa nyuzi 120. Hiyo imekwisha kuwa patasi inayochora mistari, kusafisha kona na kukata mikunjo midogo, na humfundisha mtengenezaji kulishika jiwe bila kumdai vipimo vingi. Ya pili ni patasi ya kutenganishia, kutoka kwenye bapa la msumeno wa mashine lenye unene wa milimita 2 hivi: meno husagwa yaondoke yote, kingo hulainishwa ili zisikwaruze kiegemeo cha mashine ya kukerezea, na ncha hupewa miteremko miwili inayokutana kwa jumla ya nyuzi 45 hadi 50. Wembamba wake huokoa mbao, ila bapa hilo lisimame wima kabisa kwenye kiegemeo, kwa kuwa likilala upande litabanwa.

Kikwangulio hutaka unene. Kwa kazi ya bakuli sipendekezi kitu chochote kilicho chini ya milimita 6, na milimita 8 au 10 ni bora zaidi, kwa sababu chombo chembamba hutetemeka na mtetemo huo huandikwa usoni mwa mbao. Ncha yake husagwa kwa mteremko mmoja mkubwa, kiasi kwamba pembe iliyobaki ya makali ni nyuzi 70 hadi 80, na umbo la mbele liwe tao linalolingana na tao la ndani ya bakuli unalolikusudia. Hapo faida ya kujitengenezea huonekana wazi, kwa kuwa tao hilo ni la kazi yako na halikuamuliwa na mtu ambaye hajawahi kuliona bakuli lako. Makali ya kikwangulio yanatokana na ukucha mdogo sana wa chuma unaobaki juu yake baada ya kupita kwenye jiwe. Usiusugue ukauondoa, maana ndio unaokata.

Nimefika sasa kwenye chombo ninachokithamini kuliko vyote nilivyovitaja, nacho ni kile cha kuchimbia ndani ya vyungu na vyombo vyenye mdomo mwembamba. Wengi hudhani kwamba chombo hicho kizima lazima kiwe cha HSS. Kwa kweli makali yanayogusa mbao hayazidi milimita chache, na sehemu nyingine yote ina kazi ya kubeba tu. Kwa hiyo kipande kidogo cha HSS chenye mraba wa milimita 6 kwa 6 hufungwa mwishoni mwa fimbo ya chuma laini cha kawaida, ambacho hutobolewa na kutiwa nyuzi za skrubu bila taabu. Mraba wa milimita 6 una ulalo wa milimita 8.5 hivi, kwa hiyo tundu la mviringo la biti ya 8.5 hukipokea kipande hicho huku kona zake nne zikigusa ukuta. Kutoka ubavuni toboa tundu la milimita 4.2, litie nyuzi za skrubu ya M5, yaani yenye kipenyo cha milimita 5, na skrubu fupi ya kubania ikandamize bapa la kipande. Ukitoboa tundu kutoka kwenye kichwa cha fimbo, kipande kitaelekea mbele. Ukilitoboa kukatisha fimbo kwa mshazari wa nyuzi 45, kitafika kwenye mabega ya ndani ya chungu. Kipande kisichomoze zaidi ya milimita 10 hadi 12 nje ya fimbo, na chini ya makali kiachiwe nafasi ili kisisugue mbao kabla hakijakata.

Unene wa fimbo hiyo hauamuliwi kwa kukisia. Kunepa kwa fimbo huongezeka kwa mchemraba wa urefu unaoning'inia nje ya kiegemeo. Ukitoka milimita 100 kwenda 200, fimbo ile ile hunepa mara nane kwa nguvu ile ile. Kwa upande wa pili, ukakamavu wa fimbo ya mviringo huongezeka kwa kipeo cha nne cha kipenyo, kiasi kwamba kuhama kutoka milimita 16 kwenda 20 huipa ukakamavu wa karibu mara mbili na nusu. Ndiyo maana fimbo ya milimita 12 inatosha kwa kikombe kifupi, na kwa chungu kirefu naitaka ya 20 au zaidi bila mjadala. Jambo jingine ni kwamba ncha ikiwa pembeni ya mstari wa katikati ya fimbo, mbao huisukuma chini na fimbo hujaribu kuzunguka mkononi. Kadiri ncha inavyokaa mbali na mstari huo, ndivyo mkono unavyochoka na ndivyo hatari ya kunaswa inavyoongezeka. Isogeze ncha karibu na mstari wa katikati kadiri umbo la chungu linavyoruhusu.

Wengine hupenda kukibandika kipande kwa gundi ya epoksi au kwa gundi ya papo kwa papo, na njia hiyo inafaa mahali ambapo skrubu haina nafasi, kwa kuwa gundi hushika vizuri na huachia ikipashwa joto kidogo. Kuunganisha kwa shaba yenye fedha kunawezekana, ila joto lake hupita nyuzi 600, kwa hiyo kufanywe upesi na mbali na makali. Kuchomelea kwa umeme sikushauri kabisa; feleji iliyo jirani na mshono hugumu na kupasuka.

Kuhusu patasi ya mfereji, ile tunayoitumia zaidi ya zote kwa bakuli, nitakuwa na neno fupi. Kiwandani mfereji wake hukatwa feleji ikiwa bado laini, kisha ndipo hugumishwa. Kuusaga kwenye fimbo iliyokwisha kugumu, kwa visahani vyembamba, kunawezekana, lakini huchukua muda mrefu, na uso wa ndani ya mfereji usipokuwa laini kama kioo, makali nayo yatakuwa na meno, kwa sababu makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana. Kwa maoni yangu patasi hiyo inunuliwe, na nguvu zetu zielekezwe kwenye zile ambazo hakuna anayeziuza kwa umbo tunalolihitaji. Tukishainunua, bado tunaibadilisha mteremko wake: nyuzi 55 hadi 60 kwa chini ya bakuli lenye kina, nyuzi 40 hadi 45 kwa nje. Patasi ya makali mshazari inaweza kutengenezwa kutoka kwenye fimbo ya mviringo ya milimita 12 kwa pembe ya jumla ya nyuzi 30 hadi 40, na hiyo, tofauti na kikwangulio, husuguliwa kwenye bamba la almasi la mkono mpaka ukucha wote uondoke. Mkononi hakuna joto, kwa hiyo almasi haiharibiki.

Mpini hukerezwa kwa mti mgumu, mkavu, wenye nyuzi zilizonyooka, na tundu lake hutobolewa kwenye mashine yenyewe ya kukerezea kabla ya kuutoa umbo la nje, ili tundu na mpini viwe na mstari mmoja. Msuka uingie ndani milimita 75 kwa chombo kidogo na 100 au zaidi kwa kikubwa, na mahali msuka unapokutana na mwili wa patasi pasiachwe kona kali, kwa maana kona kali ndiyo mwanzo wa ufa. Ndiyo sababu napendelea fimbo ya mviringo isiyopunguzwa unene, inayoingia ndani ya mpini nzima kama ilivyo. Mdomo wa mpini uvikwe noleo, yaani pete ya shaba au ya chuma iliyokatwa kutoka kwenye bomba, iingie kwa kubana, la sivyo mbao itapasuka mara ya kwanza patasi inaponaswa. Urefu wa mpini hufuata kazi ya chombo: ncha ikiwa milimita 50 mbele ya kiegemeo na mkono ukiwa milimita 400 nyuma yake, mkono una uwezo mara nane wa nguvu ya mbao, ncha ikisogea hadi milimita 200, uwezo huo hushuka hadi mara mbili, na mpini uliokuwa mrefu unakuwa mfupi. Chombo cha kuchimbia kinahitaji mpini mrefu kuliko macho yanavyotaka.

Chombo kipya kijaribiwe kwenye mti laini na mbichi, kwa mwendo wa chini, kiegemeo kikiwa karibu na kazi, na mtu asimame nje ya njia ya bakuli. Kikwangulio kishikwe mpini ukiwa juu kidogo na ncha ikielekea chini: ndani ya bakuli ncha iguse juu kidogo ya mstari wa katikati, na nje ya bakuli iguse chini yake kidogo, ili kikinaswa, ncha ishuke kuelekea kwenye nafasi tupu badala ya kuchimba. Baada ya dakika chache zima mashine na ukaze tena skrubu ya kubania, kwa sababu kipande hujiketisha upya kinapopata mtetemo wa kwanza. Yatazame makali kwa kioo cha kukuzia. Yakiwa yamekunjika, pembe ni nyembamba mno kwa mti huo, iongezwe nyuzi 5. Yakiwa yamemeguka vipande, ama pembe ni nyembamba ama feleji ilipata moto kupita kiasi wakati wa kusaga. Sagia nyuma milimita 2 taratibu, ujaribu tena, na yakishika safari hii utajua kwamba lilikuwa joto. Pembe itakayokubali iandikwe kwenye mpini pamoja na aina ya feleji, M2 au M42, ili kunoa kwa siku zijazo kuanzie kwenye kipimo kinachojulikana.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Grainda iko tayari pale pembeni pamoja na fimbo za milimita 10 za kutengenezea patasi ya ncha ya pande tatu, na miwani na barakoa zipo kwa kila atakayesogea karibu.